Majumba ya Mashambani ya Uingereza na Bustani Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasomaji wengi huyafahamu majumba haya kupitia tamthilia za televisheni, ambako gari la farasi huingia taratibu kwenye barabara ya changarawe na nyumba kubwa ya mawe hujitokeza nyuma ya miti kana kwamba imeota hapo pamoja nayo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Majibu yafuatayo yanatazama jinsi vilivyoundwa: nani alijenga, kwa fedha gani, kwa mbinu zipi, na ni mambo gani yalifichwa ili mgeni asiyaone.

Jumba la mashambani ni nini hasa? Je, ni sawa na ngome au kasri?

Si sawa. Ngome ilijengwa kwa ajili ya vita, na kasri la kifalme ni makao ya mtawala. Jumba la mashambani lilikuwa makao ya kabaila, yaani mtu aliyemiliki ardhi kubwa iliyogawanywa kwa wapangaji ambao waliilima na kumlipa kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyoinua kuta, ikalipa watumishi na kuweka nyama mezani. Kwa kawaida tajiri huyo alikuwa na nyumba nyingine London, alikokaa Bunge lilipokutana, kisha akarejea shambani msimu wa kuwinda. Chini ya paa moja palikuwa na nyumba ya familia, ofisi ya kupokelea kodi, kituo cha siasa za wilaya na mahali pa kulaza wageni wa daraja lake kwa majuma kadhaa.

Majina yasikupoteze. Castle Howard iliyoko Yorkshire si ngome, ingawa jina lake linadai hivyo, na Hall, House, Park na Abbey ni majina yanayoweza kubebwa na nyumba za aina moja. Uskoti na Welisi hazimo katika ukurasa huu, kwa kuwa ujenzi wa huko una historia yake.

Kwa nini baadhi ya nyumba hizi huitwa abasia ilhali hazina watawa?

Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa nchini mwake, akazitwaa mali zao, kisha nyingi akaziuza au akawagawia watu wa karibu naye. Walionunua waligeuza majengo kuwa makazi na mara nyingi wakaliacha jina la zamani. Kule Lacock, Wiltshire, William Sharington alibomoa kanisa lakini akaziacha korido za matao zilizouzunguka ua wa masista, kwa hiyo hadi leo mtu huingia katika nyumba ya kitajiri akajikuta anatembea palipokuwa pa sala. Ni katika nyumba hiyo hiyo ambamo William Henry Fox Talbot, mwaka 1835, alipiga picha ya dirisha moja dogo, na negativu yake ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani.

Nyumba za kale zilipangwaje kwa ndani?

Kwa karne nyingi nyumba ilikuwa ukumbi, na mengine yote yalikuwa nyongeza. Mfano ulio bora ni Penshurst Place, Kent, ambayo ukumbi wake ulijengwa mwaka 1341 na Sir John de Pulteney, mfanyabiashara aliyepata kuwa meya wa London mara nne. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, kwenye meko yenye pembe nane, na hapakuwa na dohani. Moshi ulipanda wenyewe hadi kwenye paa la mbao lililo juu kiasi cha mita 18 na kutafuta njia ya kutokea. Mwenye nyumba alikula akiwa amekaa kwenye jukwaa upande mmoja wa ukumbi. Upande wa pili palikuwa na kiambaza cha mbao kilichoziba milango ya kwenda jikoni na stoo. Wapambe, watumishi na wageni walikula humo humo, na wengi wao walilala humo humo.

Kilichouvunja utaratibu huo ni dohani ya matofali. Baada ya moto kuweza kuwekwa ukutani, kila chumba kiliweza kuwa na moto wake, na mwenye nyumba hakuwa tena na sababu ya kukaa na watu 50 ili apate joto. Alipanda ghorofani, akafunga mlango. Kwa maoni yangu hakuna mtindo wowote wa nguzo au matao ulioibadili nyumba ya Kiingereza kuliko badiliko hili moja, ingawa vitabu vya sanaa hulipitia haraka.

Hardwick Hall ina nini hata isifiwe hivyo?

Hardwick iko Derbyshire, juu ya kilima, na ilijengwa kati ya 1590 na 1597 kwa amri ya Elizabeth, Countess wa Shrewsbury, ambaye historia inamkumbuka kwa jina la Bess wa Hardwick. Aliolewa mara nne, na kwa jumla kila ndoa ilimwacha akiwa tajiri zaidi. Mwishowe hakuna mwanamke nchini aliyemzidi utajiri ila malkia. Msanifu anayehusishwa na nyumba hiyo ni Robert Smythson, fundi mwashi aliyepanda ngazi hadi kuwa mchoraji wa ramani za nyumba za wakubwa.

Ukiitazama kwa mbali, unachokiona ni vioo. Zama hizo kioo kilikuwa ghali, na mtu aliyejaza ukuta mzima madirisha alikuwa akitangaza hali yake bila kufungua kinywa. Watu wakatunga hata ubeti wa kusema kwamba Hardwick ina vioo kuliko kuta. Urefu wa madirisha huongezeka kadiri unavyopanda, kwa sababu ghorofa ya chini ilikuwa ya watumishi, ya kati ya familia, na ya juu kabisa ya kupokelea wakubwa. Huko juu ndiko iliko baraza ndefu ya ndani, yenye urefu wa mita 50 hivi, ambamo wenye nyumba walitembea kunyoosha miguu siku za mvua huku picha za jamaa zao zikiwatazama kutoka ukutani. Kwenye minara ya paa Bess aliweka herufi E na S zilizochongwa kwa mawe, kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliye mbali mashambani.

Lakini ukiingia ndani na kuhesabu, hesabu haikubali. Baadhi ya madirisha yanayong'aa kwa nje hayana chumba nyuma yake: kioo kimewekwa mbele ya ukuta au mbele ya njia ya moshi, kwa sababu uso wa nyumba ulitakiwa ulingane kushoto na kulia hata pale ambapo mpango wa ndani ulikataa.

Nguzo za Kirumi na Kigiriki zilifikaje mashambani Uingereza?

Zililetwa na safari na vitabu. Msanifu Inigo Jones alikwenda Italia, akayachunguza majengo ya msanifu wa huko Andrea Palladio, aliyekuwa amefariki mwaka 1580, kisha akaanza kujenga Queen's House ya Greenwich mwaka 1616. Nyumba ile nyeupe, yenye umbo la sanduku na vipimo vilivyopigiwa hesabu, ilikuwa kitu kigeni kabisa miongoni mwa nyumba za matofali mekundu na dohani zilizosokotwa. Miaka 100 baadaye Lord Burlington na rafiki yake William Kent waliufufua mtindo huo, na kutokana nao tukapata Holkham Hall ya Norfolk, iliyoanza kujengwa mwaka 1734 na kuchukua takriban miaka 30.

Katikati ya vipindi hivyo viwili kulikuwa na fujo tamu ya baroko, mtindo wa mapambo mengi na mbwembwe, na mtu wake ni John Vanbrugh. Alikuwa mwanajeshi, akawa mwandishi wa michezo ya kuigiza, kisha mwaka 1699, bila kuwa amejenga hata banda, akakabidhiwa kazi ya Castle Howard. Alikuwa na bahati ya kupata msaidizi aliyeijua kazi, Nicholas Hawksmoor. Castle Howard haikumalizwa katika uhai wa Vanbrugh, na ubawa wake wa magharibi ulijengwa na mtu mwingine aliyependa mtindo wa Palladio, ndiyo maana pande mbili za nyumba hiyo hazifanani hata leo.

Baadaye Vanbrugh alijenga Blenheim Palace, Oxfordshire, kuanzia mwaka 1705, ikiwa zawadi ya taifa kwa Duke wa Marlborough aliyeshinda vita vya Blenheim mwaka 1704. Fedha za serikali zilikwama, mke wa Duke, Sarah, akagombana na msanifu wake juu ya gharama, na Vanbrugh akaacha kazi mwaka 1716. Alipokuja miaka kadhaa baadaye kuitazama nyumba aliyoibuni, alizuiwa getini. Winston Churchill alizaliwa humo tarehe 30 Novemba 1874.

Vifaa vya ujenzi vilitoka wapi?

Mara nyingi vilitoka karibu, kwa kuwa kusafirisha mawe kwa mkokoteni kulikula fedha kuliko kuyachonga. Ndiyo sababu nyumba za milima ya Cotswolds zina rangi ya asali ya mawe ya chokaa ya huko, za mashariki ni za matofali, na kule Cheshire kuna Little Moreton Hall, iliyojengwa kwa fremu za mbao nyeusi na kuta nyeupe, ambayo baraza yake ya juu imeelemea hadi mtu hushangaa kwamba bado imesimama. Kodi za serikali nazo ziliacha alama: kodi ya madirisha ilidumu kuanzia 1696 hadi 1851, na wapo waliopendelea kuziba dirisha kwa matofali kuliko kulilipia.

Watumishi walikuwa wapi?

Walikuwa kila mahali, na nyumba ilichorwa ili wasionekane. Nyuma ya ngazi pana ya marumaru kulikuwa na ngazi nyingine, nyembamba na yenye giza, ya kupitishia makaa, maji ya moto, ndoo za choo na nguo chafu. Mlango kati ya pande hizo mbili za nyumba ulifunikwa kwa kitambaa kizito cha kijani ili kelele na harufu za jikoni zisivuke. Jiko lenyewe liliwekwa mbali, aghalabu katika ubawa wa pekee, kwa kuogopa moto; matokeo yake chakula kilisafiri mwendo mrefu na kufika mezani kikiwa kimepoa. Kule Petworth, Sussex, watumishi walikuwa na jengo lao zima lililotengwa na nyumba kuu, na walivuka kupitia njia iliyochimbwa chini ya ardhi.

Kengele za waya, zilizoenea kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, zilizidisha umbali huo. Kabla ya hapo mtumishi alilazimika kukaa karibu ili asikie akiitwa. Baada ya hapo angeweza kukaa chini kabisa ya nyumba, akitazama safu ya kengele ukutani ili ajue ni chumba kipi kinamhitaji.

Je, bustani za Kiingereza zilikuwa za kimaumbile tangu mwanzo?

Hapana, na swali hili ndilo linaloshangaza wageni wengi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 18 bustani ya tajiri wa Kiingereza ilifuata Ufaransa na Uholanzi: njia zilizonyooka kama rula, mabwawa ya mstatili, vitalu vilivyochorwa kama zulia, na miti isiyopukutisha majani iliyokatwa kwa maumbo ya pia, mwavuli na ndege. Bustani chache za aina hiyo zimesalia. Ya kuitazama ni Levens Hall, Cumbria, iliyoanza kupandwa mwaka 1694 na Mfaransa Guillaume Beaumont. Miti yake imekatwa kila mwaka kwa zaidi ya miaka 300 na imenenepa mpaka mingine haijulikani tena ilikusudiwa kuwa nini.

Kisha ladha ikageuka. Mistari iliyonyooka ikaonekana alama ya udikteta wa wafalme wa Ufaransa, na Waingereza waliojivunia Bunge lao wakataka bustani inayoonekana huru. Charles Bridgeman alianza kuilegeza mistari, William Kent akaivunja, na Lancelot Brown akaifuta kabisa. Mandhari yaliyotokea, yaani vilima vya nyasi, ziwa linalojikunja na mafungu ya miti, ndiyo ambayo leo watu huyaita mandhari ya asili ya Uingereza. Yamechorwa karatasini kwanza.

Ha-ha ni nini?

Simama kwenye ukoka mbele ya jumba kama Stowe, Buckinghamshire, na utazame mbele. Nyasi zinaanzia miguuni pako na kuendelea bila kukatika hadi kwa ng'ombe wanaokula taratibu chini ya mwaloni. Hakuna ukuta, hakuna ua wa miti, wala uzio. Unajiuliza ni nini kinachowazuia ng'ombe hao wasije kula maua. Ukizidi kusonga mbele, ghafla ardhi inakoma: mbele yako kuna handaki, na upande ulipo wewe umejengwa ukuta wa mawe au matofali uliosimama wima ndani yake, kichwa chake kikiwa sawasawa na usawa wa nyasi. Upande wa pili ardhi inashuka kwa mteremko, hivyo ng'ombe huteremka, hukutana na ukuta, hugeuka na kurudi. Anayetazama kutoka dirishani haoni chochote, na inasemekana jina lenyewe ni mlio wa mshangao wa aliyefika ukingoni bila kutarajia.

Capability Brown alikuwa nani, na alifanyaje kazi yake?

Lancelot Brown alizaliwa Kirkharle, Northumberland, na kubatizwa mwaka 1716. Mwaka 1741 aliingia Stowe akawa mtunza bustani mkuu, na alipoondoka miaka 10 baadaye alikuwa mshauri aliyegombaniwa na makabaila. Jina la utani la Capability, yaani uwezo, alilipata kwa mazoea yake ya kumwambia kila mteja kwamba shamba lake lina uwezo mkubwa wa kuboreshwa. Hadi kifo chake mwaka 1783 alikuwa amefanya kazi katika mashamba yapatayo 170.

Mbinu zake zilikuwa za mhandisi. Alipanda farasi akazunguka shamba siku moja au mbili, akasoma mteremko wa ardhi na njia ya maji, kisha akaamuru kijito kizibwe kwa tuta lililotiwa udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na kushindiliwa hadi usivuje. Ncha za ziwa zilifichwa nyuma ya miti au kwenye kona ili mtazamaji adhani ni mto mkubwa unaoendelea. Vilima vilichongwa kwa majembe na mikokoteni, na mkanda wa miti ulipandwa mpakani ili dunia ya nje isionekane. Kule Blenheim, miaka ya 1760, aliuzuia mto Glyme, na maji yakapanda hadi kufunika vyumba vya chini vya daraja kubwa la Vanbrugh. Watu wa Vanbrugh wangelia, lakini daraja lile, ambalo awali lilikuwa limetandaza miguu mikubwa juu ya kijito kidogo, ndipo lilipopata maji ya kulistahili.

Lawama anazo. Alifuta bustani za zamani ambazo leo tungelipa kuziona, na pale ambapo kijiji kilikaa vibaya machoni mwa mwenye shamba, kijiji ndicho kilichohama. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Milton Abbas, Dorset, ambako Lord Milton aliubomoa mji mdogo uliokuwa karibu na nyumba yake, akawajengea wakazi safu ya nyumba zinazofanana mbali kidogo, bondeni, wasikoonekana. Brown alihusika katika kuuchora mpango huo. Nyumba hizo mpya leo hupigwa picha na watalii kwa uzuri wake, na pengine ndiyo sababu ni wachache wanaouliza mji wa kwanza ulikuwa wapi.

Aliyemrithi, Humphry Repton, alikuwa mchuuzi stadi zaidi. Alimchorea mteja kitabu chenye jalada jekundu na picha ya shamba lilivyo. Juu ya picha palibandikwa kipande cha karatasi, na mteja alipokifunua aliliona shamba litakavyokuwa akilipa.

Kwa nini kuna mahekalu ya miungu katikati ya bustani za Wakristo?

Kwa sababu vijana matajiri walitumwa Italia kukamilisha elimu, na walirudi na picha za magofu yaliyozungukwa na miti wakataka kuziishi. Stourhead, Wiltshire, ndiyo bustani inayotimiza hamu hiyo. Mwenye shamba, Henry Hoare, alikuwa wa familia ya mabenki; aliziba bonde, akapata ziwa, kisha akaweka kandokando yake mahekalu, daraja na pango la kutengenezwa ambamo sanamu ya mungu wa mito hutazama maji yanayotiririka. Hekalu kubwa, Pantheon, lilijengwa mwaka 1753 na 1754. Njia ya kuzunguka ziwa imepangwa ili kila jengo lionekane kwa mbali, lifichike, kisha litokee tena ukiwa umeshalisahau. Familia hiyo iliikabidhi Stourhead kwa National Trust, shirika linalotunza nyumba na bustani za kihistoria, mwaka 1946. Mwana wao wa pekee alikuwa amefariki mwaka 1917 kwa majeraha ya vita aliyoyapata Palestina.

Ni kweli kwamba ndizi za madukani zina uhusiano na jumba la Kiingereza?

Ni kweli. Chatsworth, Derbyshire, ni makao ya ukoo wa Cavendish, wenye cheo cha Duke wa Devonshire. Mwaka 1826 Duke wa sita alimwajiri Joseph Paxton, kijana wa miaka 22, awe mtunza bustani mkuu. Paxton alipata mche wa mgomba uliotoka Mauritius, akaulea ndani ya kitalu cha vioo chenye joto la makaa, na mwaka 1835 ukatoa mkungu. Aina hiyo ikapewa jina la ukoo wa bwana wake, na kutoka Chatsworth miche ilipelekwa visiwa vya Pasifiki pamoja na wamisionari. Ugonjwa wa mnyauko ulipoiangamiza ndizi ya biashara iliyotangulia katikati ya karne ya 20, Cavendish ilichukua nafasi yake. Mkulima wa Kenya anayepanda ndizi za aina ya Williams au Grand Naine anapanda ndugu za mgomba huo.

Paxton hakuishia hapo. Alijenga kitalu kikubwa cha vioo chenye urefu wa mita 84, ambacho Malkia Victoria alikipita ndani kwa gari la farasi mwaka 1843. Mwaka 1844 alikamilisha chemchemi inayorusha maji hadi takriban mita 90 bila pampu, kwa nguvu ya mteremko kutoka ziwa lililochimbwa juu ya kilima. Ilitengenezwa kwa ajili ya ziara ya mfalme Nicholas I wa Urusi, ambaye hakufika. Kitalu kile kilibomolewa mwaka 1920, baada ya vita kukosesha makaa na mimea kufa kwa baridi.

Matunda na mboga zililimwa wapi?

Katika shamba lililozungushiwa ukuta mrefu, mbali kidogo na nyumba. Ukuta wa matofali ulihifadhi joto la jua, na baadhi ya kuta zilikuwa na njia za moshi ndani yake ili ziweze kuwashiwa moto usiku wa baridi kali, hivyo pichi na zabibu ziliiva katika nchi isiyo yake. Mananasi yalikuzwa kwenye mashimo yaliyojazwa magome ya miti yaliyokwisha kutumiwa na watengeneza ngozi, kwa kuwa magome hayo yanapooza hutoa joto la taratibu kwa miezi. Nanasi moja mezani lilikuwa na thamani ya pambo.

Na bustani za maua tunazoziona kwenye kalenda?

Hizo ni changa. Mwishoni mwa karne ya 19 William Robinson, mwandishi wa mambo ya bustani, aliishambulia desturi ya kupanga maua kwa mistari ya rangi kali, na Gertrude Jekyll, mchoraji aliyeanza kupoteza nguvu ya macho, akahamishia brashi yake kwenye udongo: rangi za ubaridi pembeni, za moto katikati, zikiingiana kama wingu. Pamoja na msanifu kijana Edwin Lutyens alitengeneza bustani ambamo mawe yanashika umbo na mimea inalilainisha. Hestercombe, Somerset, iliyoanzwa mwaka 1904, ni mojawapo.

Sissinghurst, Kent, ilinunuliwa ikiwa gofu mwaka 1930 na mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson. Vita alikulia Knole, jumba kubwa la ukoo wake, akashindwa kulirithi kwa kuwa ni mwanamke. Harold alichora kuta na njia, Vita akazijaza mimea hadi kufurika, na kitalu chao cha maua meupe kimeigwa karibu kila nchi. Ukoka uliokatwa mfupi nao usidhaniwe ni wa kale sana kwa kila mtu: mashine ya kukatia nyasi ilibuniwa na Edwin Budding mwaka 1830, na kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya kondoo na ya safu za wanaume wenye miundu mirefu.

Fedha zote hizi zilitoka wapi?

Sehemu kubwa ilitoka kwenye kodi za wapangaji wa ardhi na kwenye makaa ya mawe, sehemu kwenye vyeo serikalini, na sehemu kwenye utumwa na ukoloni. Harewood House, Yorkshire, iliyoanza kujengwa mwaka 1759, ni kazi ya wasanifu John Carr na Robert Adam, fundi samani Thomas Chippendale na Brown kwa pamoja, na fedha yake ilikuwa ya ukoo wa Lascelles uliotajirika kwa sukari ya Karibiani iliyozalishwa na watumwa. Bunge lilipopitisha sheria ya kuwaacha huru watumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, na waliofidiwa ni wamiliki. Mwaka 2020 National Trust ilitoa ripoti iliyotaja maeneo 93 inayoyatunza kuwa na uhusiano na utumwa au ukoloni, na ripoti hiyo ilizua mzozo mkali magazetini. Sioni namna ya kueleza ziwa bila kumtaja aliyelipa uchimbaji wake, na hesabu za wamiliki wenyewe zipo.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na unapitia wilaya moja ya Cheshire. Lord Delamere wa tatu, aliyejitwalia ardhi kubwa katika Bonde la Ufa la Kenya, alitoka Vale Royal, abasia iliyogeuzwa jumba. Maurice Egerton, Lord Egerton wa nne, alikuwa mwenye Tatton Park, ambayo Repton aliichorea kitabu chake chekundu. Egerton alijijengea jumba la mawe huko Njoro karibu na Nakuru kati ya 1938 na 1954, na shule ya kilimo aliyoianzisha huko mwaka 1939 ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Egerton. Hakuoa, na alipofariki mwaka 1958 cheo chake kikafa naye na Tatton ikaenda kwa National Trust. Anayezuru Tatton leo ataonyeshwa ukumbi uliojaa vichwa vya wanyama aliowawinda, wengi wao kutoka Afrika.

Kwa nini majumba mengi yamebomolewa?

Kuanzia miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani iliangusha bei, na kodi za wapangaji zikashuka nayo. Mwaka 1894 ikaja kodi ya mirathi, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili ilifikia asilimia 80 kwa mali kubwa kabisa. Vita viliua warithi, na watumishi waliobaki wakagundua kwamba kiwandani kuna mshahara mzuri na jioni ya mtu mwenyewe. Jeshi lilikaa katika majumba mengi na kuyaacha yakiwa yamechakaa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya 1,000 yalibomolewa nchini humo katika karne ya 20, na mwaka 1955 yalikuwa yakianguka kwa kasi ya karibu moja kila siku tano. Hardwick yenyewe iliokoka kwa sababu ilitolewa kwa serikali kulipia kodi baada ya kifo cha Duke wa Devonshire mwaka 1950, ikakabidhiwa kwa National Trust mwaka 1959.

Wenyewe bado wanaishi humo?

Baadhi. Chatsworth, Blenheim na Castle Howard bado zina familia ndani, zinazokaa sehemu ndogo ya nyumba na kuuza tiketi za sehemu iliyobaki. National Trust, iliyoanzishwa mwaka 1895, inatunza nyumba za kihistoria zaidi ya 200. Mengine yamekuwa hoteli, shule au fleti.

Nikipata nafasi ya kuzuru, nitazame nini?

Kama ni nyumba moja, nenda Hardwick alasiri, jua likiwa magharibi na vioo vikiwaka. Kama ni bustani moja, nenda Stourhead siku ya kazi kukiwa na watu wachache. Kokote uendako, omba kuonyeshwa ngazi ya nyuma, na ushuke kwenye ha-ha uitazame nyumba kutoka upande wa ng'ombe.

Na ukifika Cornwall, pitia Heligan. Bustani zake zilimezwa na miiba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na zilianza kufukuliwa mwaka 1990. Katika choo cha watunza bustani, kwenye kona ya shamba la ukuta, waliofukua walikuta majina ya wafanyakazi yameandikwa kwa penseli juu ya plasta, na chini yake tarehe: Agosti 1914.